Gari la oto linazima au giaboksi imechoka? Tafuta ugonjwa kabla giaboksi haijashushwa

Gari langu lilizima mara ya kwanza kwenye matuta ya Usa River, saa moja jioni, nikitoka Arusha kwenda Moshi. Nilikanyaga breki ili nivuke tuta, mshale wa resi (kasi ya mzunguko wa injini) ukashuka mpaka sifuri, taa zote za dashibodi zikawaka, usukani ukawa mgumu kama jiwe la kusagia. Nyuma yangu kulikuwa na lori. Niliponea kwa sababu dereva wa lori alikuwa makini kuliko mimi.

Kesho yake fundi mmoja aliliendesha dakika tano, akazima, akanipa ufunguo mkononi: "Kaka, hiyo giaboksi imeshakwenda. Tafuta nyingine." Nikaamini. Giaboksi ya mtumba shilingi laki nane, ufundi laki moja na nusu, oili mpya juu yake. Siku ya tatu, pale Tengeru, gari likazima vilevile, kwenye tuta vilevile. Aliyelitibu ni mzee mmoja wa Majengo, Moshi. Alifungua bomba la hewa, akanionyesha mdomo wa throto, mlango wa hewa ya injini, ulivyojaa masizi meusi, na mpira mdogo wa hewa uliopasuka upande wa chini. Kazi nzima ilikwisha kwa elfu thelathini na tano. Giaboksi yangu ya zamani, iliyokuwa nzima, nilikuwa nimeshamwachia yule wa kwanza.

Ndiyo maana naandika haya. Mengi ya humu nimejifunza kwa yule mzee na kwa wenye magari wenzangu wa Njiro, Sakina na Pasua, kila mmoja akiwa na maumivu yake. Ukifuata mpangilio huu hutakuwa fundi, ila utaingia gereji ukijua unachokiulizia.

Gari likizima ukiwa barabarani

Nianze na usalama, kwa kuwa barabara ya Arusha–Moshi haina huruma. Injini ikizima, breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili hivi, halafu kanyagio linakuwa gumu. Kwa hiyo usipige breki kidogokidogo. Kanyaga mara moja, kwa nguvu inayotosha, usiachie. Usukani bado unageuka, ila unataka mabega. Usichomoe ufunguo kabla gari halijasimama, kwani usukani utajifunga.

Gari la oto haliwaki likiwa kwenye D, gia ya kwenda mbele. Kama bado linaserereka na nyuma kuna gari, sukuma leva mpaka N (huru), washa, likiwaka rudisha D. Fanya hivyo siku moja sehemu tulivu, tuseme uwanja mtupu, ili mkono uzoee. Kwenye mteremko wa daraja la Kikafu hakuna muda wa kukumbuka.

Lisipowaka, sogea kushoto kabisa, washa taa za tahadhari, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, abiria washuke upande wa majani. Vijana wa bodaboda watakuja kusukuma kwa moyo mwema. Washukuru, kisha waeleze kwamba haisaidii kitu. Pampu ya oili ndani ya giaboksi ya oto huzungushwa na injini. Injini ikiwa imelala hakuna presha, na bila presha magurudumu hayawezi kuizungusha injini. Unaweza kusukumwa mpaka Boma Ng'ombe na bado lisiwake.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya kuvutwa kwa kamba kuwe hatari. Magurudumu yanazunguka, vyuma vya ndani vinazunguka navyo, lakini pampu haimwagi oili. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele livutwe likiwa limenyanyuliwa mbele. Lenye magurudumu manne yanayosukuma lipandishwe juu ya gari la kubebea. Nimeona giaboksi nzima ikifia njiani kati ya Himo na Moshi kwa sababu ya kuvutwa tu, wakati kilichokuwa kimeharibika ni pampu ya petroli.

Andika kilichotokea, siku ileile

Chukua daftari au simu, andika kabla hujasahau. Gari lilikuwa la moto au la baridi? Lilikuwa linapanda, linashuka, au limesimama? Leva ilikuwa wapi? Taa gani iliwaka kabla halijazima, siyo baada, kwa kuwa baada ya kuzima zinawaka zote? Lilikubali kuwaka papo hapo au lilisubiri? Mshale wa resi ulishuka taratibu ukitetemeka, au ulianguka ghafla?

Fundi mzuri atakuuliza maswali haya. Asiyeuliza hata moja ila anataja bei ya giaboksi, mshukuru kwa muda wake na uondoe gari lako.

Tenganisha injini na giaboksi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hapa ndipo ningekuomba usome mara mbili.

Giaboksi inayochoka ina lugha yake. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, resi zinapanda, lakini gari haliongezi mwendo kwa kiasi hicho: gia zinateleza. Au unaweka D asubuhi, unasubiri sekunde mbili tatu, ndipo gari linashtuka na kuanza kwenda. Au linagonga kwa kishindo kila linapobadili gia. Au halirudi nyuma, hasa kwenye kilima. Katika hali zote hizi injini inabaki hai.

Injini yenye shida nayo ina yake. Resi zinashuka, gari linatetemeka, linakohoa, linazima. Ukiwasha tena, linakwenda, na gia zinaingia sawasawa kama hakuna kilichotokea.

Katikati yao kuna kisa kimoja kinachochanganya mafundi na wenye magari. Kati ya injini na giaboksi kuna torki konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili, kinachofanya kazi ambayo kwenye gari la manyuo hufanywa na klachi. Ndani yake kuna klachi ndogo inayojifunga ukiwa kwenye mwendo wa kutosha, ili kusiwe na mtelezo na mafuta yasipotee. Unapopunguza mwendo inatakiwa iachie. Kama solenoidi inayoiamuru, yaani valvu ndogo ya umeme, imekwama, haiachii, na unaposimama gari linazima, sawa kabisa na mtu anayesimamisha gari la manyuo bila kukanyaga klachi.

Jaribio lake ni rahisi. Endesha mpaka gari lipate moto vizuri, dakika 20 au zaidi. Sehemu isiyo na magari, karibia kusimama ukiwa kwenye D. Likizima, washa, rudia. Safari hii weka N kabla kidogo ya kusimama. Likizima hata kwenye N, shida ni ya injini. Likizima kwenye D tu, na tena kwa kushtuka kama limefungwa kamba, basi klachi ya torki konveta inastahili kuchunguzwa. Likidhoofika taratibu kwenye D na kupata nafuu kwenye N, mara nyingi ni sailensa iko chini. Sailensa, kwa lugha ya gereji zetu, ni zile resi gari linapounguruma likiwa limesimama. Injini inashindwa kubeba mzigo mdogo wa D kwa sababu haipati hewa ya kutosha. Hilo ndilo lililokuwa langu.

Kuna jambo la milima yetu pia. Arusha iko kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, Moshi chini yake kwa mita mia kadhaa, na geti la Marangu linapita mita 1,800. Hewa huku juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu yake hapa Arusha ukilinganisha na Dar es Salaam, na unavyozidi kupanda inazidi kupoteza. Kila Desemba ndugu zetu wanapanda nyumbani na vigari vya lita 1.0 vilivyobeba watu watano, magunia na jiko la gesi. Pale juu ya Marangu Mtoni gari linavuta kwa shida, na mtu anasema giaboksi imekufa. Haijafa. Imebeba mzigo mzito mahali penye hewa haba.

Soma kodi kabla hujafungua boliti hata moja

Taa ya injini ikiwaka, kompyuta ya gari imehifadhi kodi, yaani namba inayotaja hitilafu. Gereji nyingi za Arusha na Moshi zina mashine ya kusoma. Vifaa vidogo vya kuunganisha na simu navyo vinafaa, ila magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japan miaka ya mwanzo ya 2000 hayaongei na vifaa hivyo. Kifaa kikigoma, usidhani gari ni zima. Tafuta fundi umeme mwenye mashine kamili.

Mwambie asifute chochote kabla hujapiga picha kioo cha mashine. Kodi ikifutwa, ushahidi umekwenda.

P0335 ni sensa ya krenki, shafti kuu ya injini. P0340 ni ya kamu, shafti inayofungua valvu. P0171 inasema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, na mara nyingi chanzo ni mpira uliopasuka au sensa chafu ya hewa. P0300 na zinazofuata ni misi, yaani silinda haichomi petroli sawasawa: angalia plagi, koili, nozeli. P0505 inagusa mfumo wa sailensa. Upande wa giaboksi, P0700 ni kengele tu, inakwambia kuna kodi nyingine ndani ya kompyuta ya giaboksi, kwa hiyo fundi aliyeishia hapo hajasoma. P0730 inasema uwiano wa gia hauko sawa, yaani kuna kinachoteleza. P0741 inahusu ile klachi ya torki konveta. P0750 na P0755 ni solenoidi za kubadili gia.

Lakini kodi hutaja mahali penye malalamiko, haitaji mkosaji. Chukua mfano wa RAV4 za 2001 hadi 2003. Wenye magari hayo Marekani walilalamika gia kugonga na kodi za solenoidi kuwaka. Wapo waliobadilisha giaboksi nzima na hali ikabaki ileile. Chanzo kwenye mengi yao kilikuwa kompyuta ya injini iliyokuwa ikitoa amri mbovu, na Toyota ya huko ikatoa maelekezo ya kiufundi ya kuibadilisha. RAV4 za umri huo bado zinapanda Kibosho na Machame kila siku. Kama unayo, na inagonga gia, anza na kompyuta.

Linalozima: anza na vya bei nafuu

Fungua boneti. Shika vichwa vya betri, vitikise kwa mkono. Vikicheza au vikiwa na ukungu mweupe, visafishe na kukaza. Umeme ukikatika kwa nusu sekunde kwenye shimo, gari linazima na fundi anaanza kuhubiri habari za giaboksi.

Filta ya hewa itoe uiangalie kwenye mwanga. Vumbi letu la majivu ya volkano, la njia za Ngaramtoni, Monduli na mashambani kusini mwa Moshi, ni laini kama unga wa sembe na linaziba filta mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Mimi huiangalia kila ninapomwaga oili ya injini.

Kisha throto. Fungua bomba la hewa, angalia ule mlango wa duara. Ukiwa na masizi, tumia dawa yake ya kupuliza na kitambaa laini, siyo msasa, siyo petroli na brashi ya waya. Kwenye magari ya zamani kidogo, kivalvu cha hewa ya sailensa kilicho pembeni yake nacho kisafishwe. Yenye throto ya umeme yanaweza kuunguruma juu au chini kwa muda baada ya kusafishwa, mpaka kompyuta ijifunze upya; fundi mwenye mashine anaweza kulisaidia. Sensa ya hewa ina dawa yake maalumu, na waya zake haziguswi na kidole.

Mipira ya hewa ipitie yote, ipinde kidogo. Mpira wa gari la miaka 20 unaonekana mzima mpaka uukunje.

Plagi na koili: gari linamisi likipanda mlima, linatetemeka, harufu ya petroli inatoka nyuma. Pampu ya petroli: gari linakwenda vizuri tambarare lakini linakata pumzi likipanda, na mara nyingine linazima. Ukiwasha swichi bila kupiga starti, sikiliza chini ya kiti cha nyuma, pampu nyingi huvuma sekunde mbili hivi. Tabia ya kutembea na taa ya mafuta ikiwaka huiua pampu, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza.

Sensa ya krenki ina tabia inayotambulika. Gari likiwa la baridi ni zima. Likipata moto, mshale wa resi unaanguka ghafla, linazima bila kutetemeka, na haliwaki. Unakaa chini ya mti nusu saa, unajaribu, linawaka kana kwamba lilikuwa limelala. Dereva teksi mmoja wa Moshi aliishi na hali hiyo miezi minne, akibeba abiria wa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa maombi. Sensa yenyewe ni ndogo kuliko kidole gumba.

Oili ya giaboksi: hapa usikubali haraka

Kama dalili zimeelekea kwenye giaboksi, oili yake ndiyo inayoongea kwanza. Magari kama Toyota IST ya kwanza yana stiki ya kupimia. Endesha dakika 20, simamisha kwenye tambarare, acha injini ikiunguruma. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha leva P mpaka L na kurudi P, taratibu, ukisubiri kidogo kila hatua. Chomoa stiki, futa, chovya tena, soma kwenye alama ya HOT. Honda nyingi zinapimwa injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako. Magari ya karibuni hayana stiki kabisa. Yanapimwa kwa boliti ya chini, oili ikiwa kwenye joto maalumu, na kazi hiyo inataka mashine ya kusoma joto.

Tandaza tone kwenye karatasi nyeupe. Oili ya oto ikiwa mpya mara nyingi huwa nyekundu na angavu. Ikiwa ya kahawia imezeeka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, kama klachi ya lori lililokwama kwenye tope, diski za ndani zinaungua. Ikifanana na chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani, kwa sababu oili hiyo kwenye magari mengi hupozwa ndani ya rejeta. Hapo usiendeshe hata kilomita moja zaidi; maji hubandua nyuzi za diski.

Ikipungua, gia zinateleza. Ikizidi, inatoa povu, na gia zinateleza vilevile. Ukiona imepungua tafuta inapovuja, kwa sababu oili hii haichomwi kama ya injini.

Sasa aina. "Haidroliki" tunayouliza dukani siyo kitu kimoja. Toyota za zamani kidogo zinatumia T-IV, za baadaye WS, na hizo mbili hazibadilishani. CVT (giaboksi ya mkanda) za Toyota zinataka TC au FE. CVT za Nissan zinataka NS-2 au NS-3. Dada mmoja jirani yangu wa Njiro alipeleka gari lake la CVT kumwaga oili, gereji ikaweka haidroliki nyekundu ya kawaida, "zote ni sawa dada, usiwe na shaka." Baada ya wiki mbili gari likaanza kuvuma kama nyuki na kushtuka likianza mwendo. CVT haina gia za meno zinazobadilishana. Ina mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mkanda huo unashika kwa sababu oili yake imetengenezwa ishikishe chuma kwa chuma chini ya presha. Ukiweka nyingine unateleza, na ukishachuna puli hakuna oili itakayoiponya. Simama pale mwenyewe, soma kopo kabla halijafunguliwa.

Ukimwaga kwa boliti ya chini, IST inatoa lita 3 hivi tu. Nyingine imebaki ndani ya torki konveta. Kwa hiyo njia ya upole ni kumwaga, kujaza, kuendesha siku chache, kumwaga tena, mara mbili au tatu. Pima kilichotoka, rudisha kiasi hichohicho, ndipo upime kwa stiki. Kwa milima yetu mimi hubadilisha kila kilomita 40,000, hata kama kopo linasema ni ya maisha.

Watu wanaulizana kama gari ambalo halijawahi kumwagwa oili liachwe hivyohivyo. Maoni yangu: kama gia zinaingia vizuri na oili ni ya kahawia tu, mwaga kwa ile njia ya upole. Kama tayari inateleza na oili ni nyeusi, oili mpya haitaleta muujiza. Usimlaumu fundi ikifa wiki hiyo, ilikuwa inakufa.

Fungua sampu ukiwepo

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kabla mtu hajashusha giaboksi, mwambie afungue sampu ya chini, yaani karai la oili, mbele yako. Ndani kuna sumaku ndogo. Ukikuta tope laini la kijivu, kama wanja, limezizunguka, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande, chembe zinazokwaruza kidole, nyaya za chuma, au makombo meusi ya diski chini ya sampu, giaboksi inataka kufunguliwa kweli. Piga picha.

Kama sumaku zina tope tu, bado kuna vya kukagua: maunti (mipira inayoshikilia) za injini na giaboksi, maana mpira uliokatika hutoa kishindo kilekile cha gia inayogonga, kebo ya leva iliyolegea, soketi na nyaya za solenoidi zilizoingia maji baada ya kuosha injini, kisha solenoidi zenyewe na valvu bodi. Solenoidi inabadilishwa bila kushusha giaboksi kwenye magari mengi.

CVT kwenye mlima mrefu

Ukitoka Mto wa Mbu kupanda kuelekea Karatu, au Himo kupanda Marangu na Rombo, CVT yenye oili iliyozeeka inapata joto kali. Kompyuta ikiona joto limepita kiasi inapunguza nguvu makusudi ili kuiokoa. Unakanyaga, gari halitaki. Usilazimishe. Sogea pembeni, weka P, acha injini ikiunguruma dakika 15 mpaka 20 ili oili izunguke na kupoa. Likirudi kuwa zima, umepewa onyo: oili, filta zake na njia ya kupoza zikaguliwe wiki hiyo.

Anayenunua gari la CVT lililotumika ajue pia kwamba Marekani Nissan ilirefusha dhamana ya giaboksi hizo, kwa magari ya 2003 hadi 2010, mpaka miaka 10 au maili 120,000. Sisemi usinunue. Nasema lijaribu kwenye mlima, likiwa la moto, kabla ya kutoa fedha. Muuzaji akikwambia mlima hauna haja, una jibu lako.

Ikithibitika giaboksi imekufa

Una njia mbili, kufungua na kuweka vifaa vipya, au kununua ya mtumba. Kufungua kunafaa kama unamfahamu fundi aliyeshafungua aina hiyo na spea zake zinapatikana. Wengi tunaishia kwenye mtumba, na hapo kuna ya kuzingatia.

Namba ya giaboksi ilingane na iliyo kwenye kibati cha gari lako. Ya magurudumu mawili haiingii kwenye la manne, na mwaka tofauti unaweza kuwa na soketi tofauti. Chovya kidole kwenye oili iliyobaki ndani, uinuse palepale dukani. Kabla ya kufunga, sili ya torki konveta ibadilishwe, na konveta ikae mpaka mwisho kwenye pampu. Ikilazimishwa kwa boliti inavunja pampu siku ya kwanza. Mabomba ya kupoza na rejeta visafishwe, la sivyo uchafu wa iliyokufa utaingia kwenye mpya. Dhamana iandikwe kwenye risiti, hata kama ni ya mwezi mmoja, na ielezwe kama inagusa ufundi pia. Na giaboksi yako ya zamani iondoke na wewe. Mimi sikufanya hivyo.

Jinsi ya kuendesha milimani

Kupanda mlima mrefu, zima O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) au weka 2, ili gia isipande na kushuka kila kona, kwani kila badiliko ni joto. Kushuka Machame au Old Moshi, weka 2 au L; injini ishike gari, breki zipumzike. Kwenye foleni ya kilima usilishikilie gari kwa kukanyaga mafuta, kanyaga breki. Kabla ya kuweka R simama kabisa. Ukipaki kwenye mteremko, kanyaga breki, vuta hendibreki, achia breki gari litulie, ndipo uweke P, ili uzito wote usining'inie kwenye kile kijino kidogo cha ndani.

Siku ya kuchukua gari

Usilipe yote getini. Ondoka na fundi mwenyewe akiwa amekaa pembeni yako. Mimi njia yangu ni Sakina kupanda Ilboru, kushuka, kuingia foleni ya Sanawari gari likiwa la moto, halafu barabara kuu mpaka njia panda ya KIA. Kwenye tambarare, nikiwa kwenye mwendo wa 80 uliotulia, nagusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta: resi zikipanda kidogo, klachi ya torki konveta inaachia inavyotakiwa. Narudi, nasimama kwenye kila tuta la Usa River, nikihesabu.

Nyumbani natandaza boksi la karatasi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi nalivuta na kulisoma: tone jekundu kushoto, la kahawia kulia, au hakuna kitu. Kama hakuna kitu, ndipo namtumia fundi salio lake.